Mama mkwe anasema nimemlisha mjukuu wake bangi

Yaya, dada yangu mkubwa, jambo sana.

Nakuandikia usiku, watoto wamelala. Tangu Jumapili nyumba hii haina raha.

Wifi yangu, mdogo wa mume wangu, anaishi Ubelgiji. Mwezi uliopita alimpa mtu aliyekuwa anakuja likizo koli yetu, yaani mzigo: nguo za watoto, viatu, chokoleti iliyoyeyuka njiani ikaganda upya, na pakiti mbili za mbegu. Za pakiti ya kwanza zimemenywa, ni laini, nyeupe zenye chembechembe za kijani, na ukizitafuna unasikia utamu wa karanga mbichi. Za pili zina maganda, ni za mviringo, rangi ya kijivu yenye michirizi kama yai la kware. Kwa simu akaniambia: "Umtilie mtoto kwenye uji, zinaongeza damu. Na mama naye ale, zitamshusha presha."

Binti yetu ana miaka minne. Kituo cha afya walimpima wakasema damu yake ni kidogo, wakampa sirapu. Hiyo sirapu haipendi, anaitema, na choo chake kikawa cheusi mpaka nikaogopa. Kwa hiyo mbegu zilipofika nilishukuru Mungu. Nikaacha sirapu, nikawa natia vijiko viwili vya zile zilizomenywa katika uji wake kila asubuhi. Zimetimia wiki mbili sasa.

Jumapili mama mkwe akaja kututembelea kutoka Kenya (kwa wasomaji wa mbali: Kenya ni komine ya hapa Lubumbashi, Kongo, si ile nchi). Mama alikuwa mwalimu, hawezi kuona maandishi asiyasome. Akaishusha pakiti kutoka juu ya frigo, akavaa miwani, akasoma kwa sauti: "Graines de chanvre", yaani kwa Kifaransa mbegu za bangi. Akanyamaza. Akasoma mara ya pili. Kisha akaniuliza: "Chanvre? Si ndiyo ile redio inasema polisi wamekamata magunia?" Mtoto alikuwa amelala usingizi wa mchana. Mama akaenda akamtikisa, akamfungua macho kwa vidole, akasema, "Umenilewesha mjukuu." Akampigia mwanawe hapo hapo.

Mume wangu yuko Kolwezi, anafanya kazi mgodini. Naye akanigeukia, maana alipokuwa hapa mapumziko alikula uji ule ule, na kazini kwao wanapimwa mkojo bila kuambiwa mapema. Ananiambia nitamfukuzisha kazi.

Kumbe haikuishia hapo. Jana nikimwaga maji ya vyombo nyuma ya jikoni nikaona miche mitatu imeota, imefika kwenye kifundo cha mguu, majani kama vidole vya mkono vyenye meno ya msumeno. Nikakumbuka mtoto aliwahi kuchezea ile pakiti yenye maganda, akarusharusha kama anawalisha kuku. Na jirani mmoja, aliyesikia kelele za Jumapili, leo kaja kuniuliza kwa sauti ya chini kama nina nyingine za kuuza.

Yaya, nisaidie. Nimemlisha mtoto bangi au chakula? Hizi mbegu zina faida gani kweli? Na mama mkwe nitamwangaliaje usoni?

Mama wa Katuba

*

Mdogo wangu wa Katuba,

Weka simu chini, toka nyuma ya jikoni, ung'oe ile miche mitatu na mizizi yake. Usingoje kukuche, usimtume mtoto, usimwite jirani aje kuona. Ikatekate, uitupe ndani ya choo cha shimo. Angalia pia pembeni mwa ukuta, maana mbegu iliyorushwa na mtoto wa miaka minne haina mpango. Bangi katika nchi yetu ni marufuku kuipanda, na polisi akiingia kwenye lupango, uwanja wa nyumba yako, hatauliza mche umetokana na mbegu za uji au za kuvuta. Atahesabu miche.

Umerudi? Haya, tuzungumze.

Mtoto hukumlewesha. Alikuwa amelala mchana kwa sababu ana miaka minne na jua la Lubumbashi ni kali. Lakini mama mkwe naye hakusoma vibaya. Kilichoandikwa ni chanvre, na sisi neno hilo tunalijua kwa maana moja tu, ya magunia yaliyokamatwa. Mmea ni mmoja kweli, na wataalamu wa mimea wanauita jina moja, Cannabis sativa. Tofauti iko kwenye aina, na hilo halipaswi kumshangaza mtu aliyekulia kwenye mihogo. Kuna muhogo mtamu unaoutafuna mbichi shambani, na kuna mchungu ambao usipouloweka siku kadhaa unaweza kukuua. Yote ni mihogo, majani yanafanana. Ndivyo ilivyo huku pia: kuna aina zilizochaguliwa kwa ulevi, na kuna zilizochaguliwa kwa nyuzi za kamba na kwa mbegu. Katika Umoja wa Ulaya kikomo cha kawaida kwa wakulima ni aina ambazo kileo chake, THC, hakizidi asilimia 0.3. Kanada iliruhusu kilimo hicho mwaka 1998, na Ufaransa ndiyo inayoongoza Ulaya nzima.

Tena hata kwenye ile inayolevya, ulevi haukai ndani ya mbegu. Uko katika utomvu unaonata kwenye maua. Mbegu inaweza kupakazwa kidogo wakati wa kuvuna, ndiyo maana Umoja wa Ulaya tangu 2023 umeweka kikomo: kilo nzima ya mbegu isizidi miligramu 3 za THC. Vijiko viwili vyako ni kama gramu 20. Piga hesabu mwenyewe uone kinachobaki.

(Watu wa Tanzania mtandaoni utawakuta wanaziita "mbegu za katani". Usichanganyikiwe. Katani kwa wengi ni nyuzi za mkonge, na mkonge hauna undugu wowote na mbegu hizi.)

Sasa faida. Hapa wifi yako amesema kweli, kisha akavuka mpaka. Gramu 30 za mbegu zilizomenywa, yaani vijiko vitatu vya chakula, zina karibu gramu 9 na nusu za protini, na yai moja lina kama 6. Zina magnesi miligramu 210, na mwanamke mzima anahitaji kama 320 kwa siku, kwa hiyo ni theluthi mbili kwa mkupuo. Zina zinki, zina fosforasi. Karibu nusu ya uzito wake ni mafuta, na ndani yake mna yale yanayoitwa omega-3, ambayo katika karanga huyapati. Ni chakula kizuri, sikufichi. Huko Silesia, Poland, wanapika supu yake usiku wa kuamkia Noeli, na Wajapani wanaitia katika mchanganyiko wao wa viungo saba.

Ila nataka uchukue mbegu za maboga, zile tunazoita mbika, uziweke kando ya pakiti ya Ubelgiji. Kwa gramu 100, mbegu za wifi zina protini kama gramu 32, za maboga 30. Mafuta 49 kwa 49. Magnesi 700 kwa karibu 600. Madini ya chuma, yale ya damu, yapo miligramu 8 kwa za wifi, na za maboga zinazidi kidogo, karibu 9. Yaani kilichopandishwa ndege kutoka Ubelgiji kinakaribia kuwa ndugu wa kile mama wa sokoni anachokupimia kwa kopo huku anafukuza nzi. Kinachowatofautisha hasa ni omega-3, na hiyo iko kwenye ndagala (dagaa), tena mwili unaitumia kwa urahisi zaidi ikitoka kwenye samaki kuliko ikitoka kwenye mbegu. Sijataja finkubala, wale viwavi wa kuliwa, ambao wakikauka zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini. Nasi tunawaonea haya mbele ya wageni!

Kuhusu damu ya mtoto naomba unisikilize kwa makini, maana hapa ndipo ulipokosea, na wala si kwa sababu ya bangi. Mtoto wa miaka minne anahitaji kama miligramu 10 za madini ya chuma kwa siku. Vijiko vyako viwili vina 1.6. Na hiyo 1.6 haiingii yote mwilini: chuma cha mbegu, kama cha maharage, kimeshikwa na vitu vya mmea wenyewe, tumbo linachukua sehemu ndogo tu. Sirapu ina chuma mara nyingi zaidi ya hicho, ndiyo sababu choo kinakuwa cheusi. Rangi hiyo ni kawaida ya dawa hiyo, na ni kosa la waliokupa bila kukuambia. Mrudishie mtoto sirapu kesho. Kama anaitema, mpe na maji ya chungwa kidogo. Chungwa pia linasaidia chuma kuingia. Usimpe pamoja na chai wala maziwa, vinazuia. Chupa iweke juu, mbali na mkono wake, maana sirapu hiyo mtoto akiinywa nyingi kwa mara moja ni sumu. Kisha umrudishe kituo cha afya apimwe tena, uwaambie umekosa wiki mbili. Uwaulize pia kuhusu malaria, minyoo, na ugonjwa wa SS (selimundu), kwa sababu damu inayopungua ina mlango inaotokea, na hakuna mbegu inayoziba milango hiyo.

Ukitaka kuendelea kuzitia kwenye uji, tia. Kijiko kimoja kinamtosha mtoto. Zikizidi, mafuta yale yatamwendesha tumbo. Tia ukishaipua sufuria, si wakati inachemka, maana mafuta yake hayapendi moto mkali. Kwa sababu hiyo hiyo, wifi akikutumia chupa ya mafuta yake siku nyingine, usikaangie. Yanyunyizie juu ya chakula kilichokwisha kuiva.

Mimi mwenyewe niliwahi kuletewa pakiti kama yako, na uji haukunivutia. Niliona zinafaa zaidi kwenye sombe, yale majani ya muhogo: ukishapika na mawese yako, dakika mbili kabla ya kuipua, tia mbegu zilizotwangwa mahali pa karanga. Sombe inakuwa nzito, ladha yake iko kati ya karanga na ufuta. Watoto wangu hawakugundua kitu. Mume wangu aligundua, akaongeza bukari (ugali). Unaweza pia kutoa maziwa yake: kikombe kimoja cha mbegu zilizomenywa, vikombe vitatu vya maji, saga, chuja kwa kitambaa safi, unywe siku hiyo hiyo. Maziwa hayo hayana kalsiamu ya maziwa ya ng'ombe, kwa hiyo usimnyweshe mtoto ukadhani umemaliza.

Zile zenye maganda zisikae ndani hata usiku mmoja zaidi zikiwa mbichi. Weka kikaango kwenye makala (makaa), moto wa wastani, zimwage bila mafuta, ukoroge na mwiko wa mti. Baada ya dakika chache zitaanza kupasuka tak, tak, na harufu itakuwa ya mahindi ya kuchoma. Endelea mpaka karibu zote zipasuke. Mbegu iliyokaangwa hivyo haioti tena. Zipoze, zitwange kwenye kinu na chumvi, uchekeche maganda makubwa, upate unga wa kunyunyizia kwenye viazi au kwenye mboga. Usimpe mtoto mdogo kabla hujatwanga, maganda ni magumu. Ila kwanza soma pakiti nyuma. Ulaya mbegu zenye maganda zinauzwa pia kwa chakula cha ndege na kwa chambo cha samaki, na hizo hazijasafishwa kwa ajili ya watu. Kama ndizo, zikaange ziungue kabisa, uzitupe.

Kitu kingine ambacho watumaji koli hawakisemi: mafuta ya mbegu hizi yanaharibika upesi. Pakiti ikishafunguliwa inataka baridi na giza. Wewe yako iko juu ya frigo, mahali penye joto. Ihamishie ndani, kwenye chupa yenye kifuniko, hata kama umeme unaenda na kurudi. Kila mara uinuse kabla ya kutumia. Ikinuka kama rangi ya mafuta ya kupaka milango, au ikikuachia uchungu kooni, basi imekwisha, na usiihurumie bei yake.

Mume wako. Uji wa mapumziko, wa mbegu zilizomenywa zinazouzwa dukani Ulaya, uwezekano wa kuonekana kwenye mkojo ni mdogo sana. Lakini mdogo si sawa na hakuna. Miaka ya 1990 Marekani kulikuwa na mafuta ya mbegu hizi yaliyowafanya watu wakutwe na THC kwenye vipimo, kwa sababu mbegu zilikuwa hazisafishwi vizuri, na hadi leo jeshi la anga la Marekani linawakataza askari wake kuyala. Mtu anayelisha familia kwa mshahara wa mgodi hana haja ya kubishana na karatasi ya maabara. Yeye asile tena. Mpikie sombe yake kwa karanga.

Jirani mwambie hapana, na umwambie mchana, kwa sauti ya kawaida, mlango wazi. Anayeuliza kwa kunong'ona hatafuti mbegu za uji. Ni kweli mkataba wa kimataifa wa 1961 kuhusu dawa za kulevya umezitoa mbegu katika maana ya neno bangi, mradi hazijaambatana na maua. Lakini polisi wa kwenye barrière, kizuizi cha barabarani, hatembei na mkataba huo mfukoni, na pakiti imeandikwa neno lile lile analolisikia redioni. Usiuze, usisafiri nayo hadi mpakani Kasumbalesa, usimtumie dada yako aliyeko Zambia. Hiyo uliyonayo imalizie nyumbani.

Sasa mama mkwe. Presha yake isiguswe na mbegu yoyote. Aendelee na dawa za daktari wake, na kama anameza dawa za kuzuia damu isigande, hata kuonja aulize kwanza. Wifi alisema kwa upendo, lakini yuko mbali na hakuona karatasi za hospitali.

Usimpigie simu. Simu ndiyo iliyowasha moto huu Jumapili. Kwa kuwa mume wako yuko Kolwezi, mwombe aongee na mama kwanza, kisha wewe umtafute shangazi yake au dada yake mkubwa, muende pamoja Kenya, na kilo ya sukari mkononi. Ukifika usianze na Cannabis sativa. Anza na: "Mama, ulisoma vizuri. Mimi ndiye niliyempa mtoto kitu bila kusoma." Maneno hayo yatampoza mwalimu kuliko maelezo yangu yote ya hapo juu. Mwambie pia kuhusu ile miche na kwamba umeing'oa, kabla hajaisikia kwa jirani. Hapo ndipo umweleze habari ya muhogo mchungu na mtamu. Ataelewa upesi kuliko wewe, maana yeye kauloweka miaka mingi.

Kisha mwombe akufundishe mbika jinsi mama yake alivyokuwa anaipika, ile ya kufunga kwenye majani ya ndizi, yenye pilipili na samaki mkavu ndani. Nenda na kopo la mbegu za maboga, ukae chini na kinu, umenye na kutwanga mbele yake. Ile pakiti ya Ubelgiji iache nyumbani siku hiyo. Akija kwako akaiulizia mwenyewe, tia kijiko kinywani mwako kwanza, umwachie yeye aamue. Akikataa, usimshurutishe.

Pakiti ikiisha, mwambie wifi asitume nyingine. Hela ya mbegu na ya mzigo aitume taslimu, ununue mayai, ndagala na maharage, na umtumie picha ya mtoto akila ili asione amekataliwa.

Nawe kesho asubuhi, kabla ya uji: sirapu.